ETF: Shamba Moja Lenye Mageti Manne

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa, kazi za wateja zimenibana kweli kweli, lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi iliyopita na leo lazima nilitoe. Si jambo la tarakilishi moja kwa moja, ingawa mtaona mbele ya safari kwamba ugonjwa wenyewe ni ule ule tunaoujua sisi waandishi wa programu: kutumia kitu ambacho hujakifungua.

Jumamosi chama chetu kilikutana. Kijana mmoja mwerevu, ambaye nampenda na simtaji jina, alisimama mbele yetu na kuonyesha ukutani mpango wa kuwekeza akiba yetu ya miaka mitatu. Akasema: "Wadau, pesa zetu tunaziweka katika ETF nne tofauti. Tumetawanya, kwa hiyo hatari imeisha." Watu wakapiga makofi. Mimi nikainua mkono nikamuuliza, ndani ya hizo nne mna nini? Akanitazama kama niliyeuliza ndani ya maji mna nini. "Mna ETF," akasema.

Hapo nikamkumbuka Mama.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipostaafu alinikabidhi sehemu ya kiinua mgongo chake, mwisho wa mwaka 2021, akaniambia: "Wewe ndiye unayejua mambo ya mitandao, nitafutie mahali pazuri." Nikamtafutia. Nikanunua mifuko minne ya Marekani kwa dola: mmoja unaofuata fahirisi ya S&P 500, mmoja wa Nasdaq-100, mmoja wa kampuni za teknolojia peke yake, na mmoja ulioitwa wa "ukuaji". Nikampigia simu nikamwambia kwa kujiamini, Mama, nimetawanya.

Ukaja mwaka 2022. S&P 500 ikapoteza karibu asilimia 18 hata ukihesabu gawio. Nasdaq-100 ikapoteza karibu theluthi moja. Mifuko yangu minne ikaanguka pamoja kama watoto walioshikana mikono. Krismasi nikaenda nyumbani Kitale, nikamwonyesha Mama hesabu kwenye simu. Hakugombana. Mama ni mkulima wa mahindi pia, anajua mwaka mbaya ni nini. Aliuliza swali moja tu:

"Mwanangu, hayo ni mashamba manne, au ni shamba moja lenye mageti manne?"

Sikuwa na jibu. Usiku huo nikakaa na tarakilishi, nikafanya kile nilichopaswa kufanya mwaka mmoja kabla: nikapakua orodha za yaliyomo ndani ya mifuko yote minne nikazilinganisha. Apple, Microsoft, Amazon, Nvidia, Alphabet. Geti la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Shamba lile lile.

Naomba nieleweke. Kosa halikuwa la dalali wala la mfuko wowote. Kila mfuko ulifanya kile ulichoandika kwamba utafanya. Kosa lilikuwa langu, mimi ambaye siweki hata maktaba ndogo ya programu katika kazi ya mteja bila kusoma maelezo yake, lakini pesa za mama yangu niliziweka kwa kusoma jina. Na ndiyo sababu nakasirika ninaposikia mahubiri haya mapya mjini, kwenye video na kwenye makundi ya simu, kwamba "nunua ETF ulale usingizi". Ninayasema waziwazi: ETF si utawanyaji. ETF ni chombo tu. Gunia ni gunia, hata likiwa na mawe.

Tuanze na chombo chenyewe

Kwa wale wageni katika mambo haya: ETF ni mfuko wa uwekezaji ambao vipande vyake huuzwa na kununuliwa katika soko la hisa kama hisa ya kampuni yoyote. Wenye mfuko wananunua mali fulani, mara nyingi kwa kufuata fahirisi, kisha wewe unanunua kipande na kuwa na sehemu yako ndogo ya kapu zima. Kitu cha aina hii kilianza kuuzwa Toronto mwaka 1990, na Marekani wakapata wa kwao, ule wa SPDR unaofuata S&P 500, Januari 1993. Hapa Nairobi wa kwanza uliingia sokoni Machi 2017, ule wa dhahabu uitwao NewGold. Mwaka 2025 ukaongezeka wa Satrix unaofuata fahirisi ya MSCI World.

Uzuri wake upo na siukatai. Gharama ni ndogo, unaweza kuuza siku yoyote ya soko, na mifuko mingi hutoa orodha ya kila kilichomo ndani, kampuni kwa kampuni, na uzito wa kila moja. Hiyo orodha ndiyo hoja yangu leo. Sisi tunaopenda programu huria tumepiga kelele miaka mingi kwamba msimbo uwe wazi ili watu waweze kuusoma. Hapa msimbo uko wazi, uko kwenye tovuti ya mfuko, unapakuliwa kwa kubofya mara moja na kufunguka kwenye lahajedwali. Na watu hawausomi!

Jina halikwambii kilichomo

Chukueni hilo neno "World". Mtu akisikia mfuko wa dunia anafikiri amenunua dunia. Haya, tufungue. Fahirisi ya MSCI World ina kampuni zaidi ya 1,300 kutoka nchi 23, na zote ni zile zinazoitwa zilizoendelea. China haimo. India haimo. Brazil haimo. Afrika nzima, kutoka Cairo hadi Cape Town, haina hata kampuni moja yenye soko lake huku iliyomo. Kenya yetu MSCI wameiweka katika fahirisi tofauti kabisa, ya masoko machanga. Na katika hizo nchi 23, Marekani peke yake inachukua karibu asilimia 70 na zaidi ya uzito wote. Kufikia mwisho wa 2025 kampuni moja, Nvidia, ilikuwa na uzito mkubwa katika hiyo "dunia" kuliko kampuni zote za Uingereza zikijumlishwa.

Sisemi ni mfuko mbaya. Nasema ukiununua jua umenunua Marekani na wajukuu zake, hukununua dunia.

Twende Afrika Kusini. Kuna mfuko wa iShares unaofuata fahirisi ya MSCI ya nchi hiyo, umekuwepo tangu 2003. Kwa miaka mingi Naspers imekuwa miongoni mwa kampuni zenye uzito mkubwa ndani yake. Naspers ni kampuni ya Cape Town, sawa. Lakini mwaka 2001 Naspers ilinunua karibu nusu ya kampuni changa ya China iitwayo Tencent kwa dola milioni 32 hivi, na Tencent ikaja kuwa mwenye WeChat na jitu la michezo ya tarakilishi. Tangu wakati huo sehemu kubwa ya thamani ya Naspers imetoka Tencent, ambayo leo inashikiliwa kupitia Prosus, kampuni iliyoorodheshwa Amsterdam mwaka 2019. Kwa hiyo unanunua Johannesburg, unapitia Amsterdam, unatokea Shenzhen. Serikali ya Beijing ikikunja uso kwa kampuni za michezo, mfuko wako wa "Afrika Kusini" unapata homa. Orodha ya kwanza haikuonyeshi hilo. Lazima ufungue na kilichomo ndani ya kilichomo.

Na tusijidanganye kwamba nyumbani tuko salama. Safaricom peke yake imewahi kubeba zaidi ya nusu ya thamani ya soko lote la hisa la Nairobi. Fahirisi ya NASI hupimwa kwa thamani ya kampuni. Sasa fikiria mtu akutengenezee kesho ETF ya NASI na kuibandika jina la "Kenya Yote". Ungekuwa umenunua simu na M-Pesa, pamoja na benki kadhaa, kiwanda cha bia, na vumbi.

Kuhesabu vichwa si kutawanya

Nawasikia watu wakijibu: "Lakini S&P 500 ni kampuni 500!" Ndiyo, 500 kwa vichwa. Lakini uzito wake hufuata ukubwa wa kampuni, na katika miaka ya 2024 na 2025 kampuni kumi za juu zimebeba zaidi ya theluthi moja ya fahirisi nzima. Zile 490 zilizobaki zinagawana kinachobaki.

Kuna hesabu ndogo ambayo ningependa ifundishwe katika kila chama. Chukua uzito wa kila kampuni kama desimali, uzidishe kwa wenyewe, jumlisha zote, kisha gawa 1 kwa jumla hiyo. Jibu linakuambia mfuko wako una tabia ya kampuni ngapi zenye uzito sawa. Mfano wangu wa kubuni: mfuko wa kampuni 10, moja ina asilimia 91, tisa zina asilimia 1 kila moja. Ile kubwa inatoa 0.8281, zile tisa kwa jumla 0.0009. Jumla 0.829. Gawa 1 kwa hiyo, unapata 1.2. Kwenye tangazo ni kampuni 10. Kwenye hesabu ni kampuni moja na kidole.

Hesabu ya pili ni ya mageti. Una mifuko miwili? Weka orodha zake kando kwa kando. Kwa kila kampuni iliyomo kwenye yote miwili, chukua uzito ulio mdogo. Jumlisha. Kama Nvidia ina asilimia 7 huku na 9 kule, unaandika 7. Jumla ikifika 60, basi senti 60 za kila shilingi uliyoweka kwenye mfuko wa pili zimeingia shamba lile lile la kwanza. Ukifanya hivi kwa S&P 500 na Nasdaq-100 utaona mwenyewe, kwa sababu kampuni nyingi za Nasdaq-100 zimo pia ndani ya S&P 500, na kubwa kubwa ni zile zile. Ukiongeza mfuko wa teknolojia wa Vanguard juu yake, ambao Apple, Microsoft na Nvidia zimekuwa zikibeba zaidi ya asilimia 40 ya uzito wake, umeongeza geti tu.

Angalizo kwa watakaoandika programu ya kufanya hivyo: Alphabet ina hisa za aina mbili, na kwenye orodha huonekana mistari miwili. Ziunganishe kabla ya kuhesabu. Ndiyo sababu pia orodha ya S&P 500 huwa na mistari zaidi ya 500. Mimi ilinigharimu saa nzima kutafuta hitilafu ambayo haikuwa hitilafu.

Tena kuna sheria za ndani ambazo hubadilisha mfuko wakati umelala. Sheria za Marekani zinazuia mifuko ya aina hii kulimbikiza uzito mno kwenye kampuni chache, na fahirisi ya mfuko wa teknolojia wa XLK ilikuwa na kanuni za kupunguza uzito kufuatana na hilo. Juni 2024 Nvidia ilipoipita Apple kwa thamani, kanuni hizo zikaushusha uzito wa Apple ndani ya XLK kutoka zaidi ya asilimia 20 hadi chini ya asilimia 5, na Nvidia ikapandishwa kutoka karibu asilimia 6 hadi zaidi ya 20. Kampuni mbili zilizokaribiana kwa thamani, uzito umbali wa mbingu na ardhi! Mwenye mfuko hakubonyeza kitu chochote. Programu ilijiendesha, kama ilivyoandikwa.

Na kuna mali moja ambayo haiandikwi kabisa kwenye orodha: dola. Mkenya anayenunua mfuko wa Marekani amenunua na sarafu. Mwaka 2022 hilo lilimsaidia Mama kidogo, maana dola ilitoka kama shilingi 113 ikafika kama 123. Lakini mwanzoni mwa 2024 dola iliyokuwa karibu shilingi 160 ilishuka ndani ya miezi michache hadi karibu 130. Mwenye dola 10,000 alikuwa na shilingi milioni 1.6, akabaki na milioni 1.3, hata kama kampuni zake hazikuyumba. Kama karo ya mtoto unalipa kwa shilingi, hiyo ni hatari uliyobeba, na hakuna aliyekutajia.

Sasa bei

Hapa ndipo ninapokasirika zaidi, kwa sababu watu wanachanganya bei tatu na kuziita moja.

Bei ya kwanza ni ya kipande. Nimesikia mtu akisema mfuko wa dola 28 ni "rahisi" kuliko wa dola 500. Jamani! Oktoba 2024 mfuko wa SCHD uligawanya kila kipande kuwa vitatu, bei ikashuka kutoka kama dola 84 hadi kama 28 kwa usiku mmoja. Chapati ukiikata vipande vitatu haijawa ya bei nafuu. Bei ya kipande haikuambii chochote.

Bei ya pili ni thamani halisi ya mali: jumlisha kila kilichomo ndani kwa bei ya soko, toa madeni, gawa kwa idadi ya vipande. Bei ya sokoni hukaa karibu na thamani hiyo kwa sababu kuna wafanyabiashara wakubwa walioidhinishwa. Kipande kikipanda juu ya thamani, wao hupeleka kapu la hisa kwa mwenye mfuko, wanapewa vipande vipya na kuviuza. Kikishuka chini, wananunua vipande na kuvirudisha, wanachukua hisa. Faida yao ni ile tofauti, na kwa kuifuata wanaifuta.

Lakini mtambo huo unahitaji soko lenye watu. Kwa NewGold hapa Nairobi biashara imekuwa nyembamba, na bei ya mwisho unayoiona inaweza kuwa imechacha. Dawa yake ni hesabu ya mfukoni. Kipande kilianza kikiwa karibu sehemu moja ya mia ya wakia ya dhahabu, na kinapungua polepole kwa sababu ada hulipwa kwa kuuza dhahabu kidogo kidogo. Chukua bei ya wakia kwa dola, zidisha kwa bei ya dola kwa shilingi, gawa kwa 100, punguza kidogo. Kama wakia ni dola 4,000 na dola ni shilingi 129, unatarajia kitu kilicho chini kidogo ya shilingi 5,160. Ukiuziwa kwa 5,800, uliza kwa nini.

Bei ya tatu, na ndiyo ya maana, ni hii: hizo kampuni zilizomo ndani zenyewe zinauzwa ghali au rahisi ukilinganisha na faida zinazopata? Thamani halisi ya mali haijibu swali hilo. Inakuhakikishia tu kwamba hukupunjwa kwenye kapu; haikwambii kama kapu lote limepandishwa bei kichaa.

Historia iko wazi. Mfuko wa QQQ, unaofuata Nasdaq-100, ulianzishwa Machi 1999. Kati ya Machi 2000 na Oktoba 2002 fahirisi hiyo ilipoteza zaidi ya asilimia 80, na haikurudi kwenye kilele chake hadi mwaka 2015. Miaka 15! Mfuko wenyewe haukuharibika. Ulifuata fahirisi kwa uaminifu siku baada ya siku hadi shimoni. Kampuni nyingi zilizokuwemo hazikuwa za uongo pia: Cisco ilikuwa inauza mitambo halisi inayobeba intaneti, na mpaka leo inapata faida. Lakini mwaka 2000 bei yake ilikuwa zaidi ya mara 100 ya faida yake, na aliyeinunua kwenye kilele alisubiri zaidi ya miaka 20 bei irudi pale. Kampuni nzuri, bei mbaya.

"Basi nitaangalia uwiano wa bei kwa faida kwenye tovuti ya mfuko," utasema. Vizuri, lakini angalia umehesabiwaje. Mfano wangu tena. Umeweka shilingi 100: shilingi 60 kwa kampuni A ambayo bei yake ni mara 12 ya faida, hivyo sehemu yako ya faida ni shilingi 5. Shilingi 30 kwa kampuni B iliyo mara 30, faida yako shilingi 1. Shilingi 10 kwa kampuni C inayopata hasara, na sehemu yako ya hasara ni shilingi 2.

Anayechukua wastani wa kawaida wa 12 na 30 atakuambia 21. Anayeitupa C nje kwa kuwa haina faida atagawa 90 kwa 6 na kukuambia 15. Anayehesabu ukweli wote atagawa 100 kwa 4 na kukuambia 25. Kapu moja, majibu matatu! Na kuna wenye mifuko ambao huacha nje kampuni zenye hasara, na wengine huweka dari, kwamba uwiano wowote ukizidi 60 uandikwe 60. Hawafichi, wameandika kwa herufi ndogo chini ya ukurasa. Sisi waandishi wa programu tunaijua tabia hii. Ni kama kukamata hitilafu na kuimeza kimya kimya ili skrini ionekane safi. Kadiri mfuko unavyojaa kampuni zinazopata hasara, ndivyo namba inavyozidi kupendeza.

Na kwa dhahabu hakuna uwiano kabisa. Dhahabu haizai faida, haitoi gawio. Inaweza kuwa na nafasi katika akiba yako, lakini asikuambie mtu kwamba ni "rahisi" kwa kipimo hicho.

Wapinzani wangu

Najua mtakachoniandikia. Kwamba mtu wa kawaida hana muda wa kufungua mafaili, na kwamba mfuko mpana wa fahirisi ni bora kuliko kuchagua hisa moja moja kwa ndoto. Kwa hilo la pili nakubali kabisa. John Bogle aliyeleta mfuko wa fahirisi wa Vanguard kwa watu wa kawaida mwaka 1976 alikuwa sahihi kuhusu gharama, na mpaka leo mimi mwenyewe nina mfuko mmoja mpana. Mmoja, si minne inayofanana.

Lakini hilo la muda silikubali. Mkenya huyo huyo asiye na muda atasafiri mpaka Ruiru mara tatu kuangalia kiwanja, ataulizia jirani, atapima kwa hatua, ataenda kwa wakili kutafuta hati. Kwa nini akiweka shilingi laki tano kwenye ETF anaridhika na jina? Orodha inafunguka kwa dakika moja. Hesabu nilizotoa hapa ni za kujumlisha na kugawa.

Wengine watasema uwiano wa bei hautabiri kesho. Kweli, soko ghali linaweza kuendelea kuwa ghali miaka mingi. Sitabiri. Nasema tu usimwambie mama yako "nimetawanya" wakati umemnunulia bidhaa moja, kwa sarafu moja, kwa bei ambayo hukuiangalia.

Jumamosi chama kilimpa yule kijana wiki mbili arudi na orodha nne, hesabu ya mageti, na uwiano wa bei uliohesabiwa pamoja na zenye hasara. Alikasirika kidogo, lakini usiku alinipigia simu kuniuliza kwa nini Alphabet inaonekana mara mbili. Nikajua ameshafungua.

Mama naye pesa zake nilizigawa upya. Mfuko mmoja mpana ukabaki, nyingine zikaenda kwenye hati fungani za serikali kwa shilingi, kwa sababu matumizi yake ni ya shilingi na umri wake hauna miaka 15 ya kusubiri. Hasara ya 2022 haikurudi yote kwa haraka, na hajaitaja tena. Ila kila nikimwambia nimepata mahali pengine pazuri, ananiuliza geti hilo linaingilia wapi.

Haya, kwa leo naishia hapo. Kazi ya nyumbani: fungua mfuko wako usiku huu, hesabu mageti, uje uniambie umekuta nini. Mwenye hasira na mimi pia anakaribishwa, mradi aje na orodha yake mkononi.